Juma Moja Bagamoyo

Mwezi wa Julai mwaka 2014 binti yangu anayefanya kazi Dar es Salaam alitupangia mimi na mama yake mapumziko ya juma moja Bagamoyo. Alikodi nyumba ndogo karibu na pwani. (Nasema nyumba ndogo kwa maana ya asili ya maneno hayo, msomaji asinifikirie vingine.) Ilikuwa na vyumba viwili, paa la makuti, baraza lililotazama bahari, na kisima ambacho maji yake yalikuwa na chumvi ya kutosha kuharibu chai. Sisi watu wa Samuye, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, hatuna desturi ya kwenda mahali kwa ajili ya kupumzika tu. Mtu akiondoka kwake amefuata kazi, ng'ombe, matibabu au msiba. Majirani waliponiuliza ninakwenda pwani kufanya nini, niliwajibu kuwa ninakwenda kutazama magofu, jibu ambalo liliwatia shaka zaidi.

Lakini nilikuwa na sababu yangu. Baba yake babu yangu alikwenda Bagamoyo mara tatu kwa miguu akiwa mpagazi, na mimi katika umri wa miaka sitini na moja nilikuwa sijafika hata mara moja.

Habari zake nilizipata kwa babu, ambaye alifariki mwaka 1966 nilipokuwa bado mwanafunzi wa shule ya msingi. Jioni za kiangazi tulikaa shikome, yaani kwenye moto wa nje wanapokaa wanaume, naye alitusimulia jinsi baba yake alivyoondoka na vijana wenzake baada ya mavuno wakaelekea kusini mpaka Unyanyembe, palipo Tabora ya leo, na huko wakajiunga na msafara wa pembe za ndovu. Alibeba pembe begani, nchani imefungwa kengele ya ng'ombe, na kengele hiyo ililia njia nzima. Walipita Ugogo, ambako maji yaliuzwa kama asali. Walivuka nyika kavu ya Marenga Mkali usiku na mchana bila kupumzika. Rafiki yake wa tangu utotoni alishikwa na ndui njiani, wakamwacha chini ya mti pamoja na kibuyu cha maji. Alipoiona bahari alidhani mbingu imeanguka chini. Akayaonja maji yake, akayatema, akasema ziwa hili limeoza. Hapo babu alicheka kila mara, nasi tulicheka naye ingawa tuliijua hadithi yote kwa moyo. Mara ya tatu, alisema, baba yake alirudi na merikani, kaniki, shanga, waya wa shaba na gobori moja. Kisha babu alimaliza kwa maneno yale yale: "Hapo ndipo nyumba yetu ilipoanza."

Sisi tulipanda basi alfajiri Shinyanga, na usiku tukawa Dar es Salaam. Kilometa zipatazo elfu moja tumezimaliza tumekaa. Mpagazi alihesabu safari ya Tabora hadi pwani kwa miezi, kiasi cha mitatu hivi, na mzigo wake ulikuwa frasila mbili, yaani kilo zaidi ya thelathini, bila kuhesabu mkeka, sufuria na chakula chake mwenyewe. Mke wangu alilalamika kuwa miguu imevimba. Nilitaka kumkumbusha habari za baba yake babu, nikaona si busara.

Mama mtu mzima aliyeitunza ile nyumba alikuwa Mzaramo. Tukamwamkia, akaitika, akatuuliza tumetoka wapi. Tukasema Shinyanga.

"Ala! Wanyamwezi!"

Nikamwambia sisi ni Wasukuma.

"Ni hao hao," akasema. "Basi watumwa wangu wamejileta wenyewe, hata sikuhangaika kuwafuata."

Mke wangu, ambaye dakika moja kabla ya hapo hakuwa na nguvu ya kushika hata mfuko, akamjibu pale pale: "Sisi ndio wenye mali, mama. Tumekuja kukagua kama mmejitunza." Wakacheka mpaka yule mama akakaa chini kwenye baraza. Tangu saa ile hatukuwa wageni tena. Alituletea samaki bila kuulizwa, akatukejeli kwa kutojua kumchambua pweza, na kila asubuhi aliuliza kama watumwa wamelala salama.

Naomba nisimame kidogo kwenye jambo hili la utani, kwa sababu mimi naliona kuwa ni hati ya kale kama hati nyingine yoyote. Wazaramo ni watani wa Wanyamwezi na Wasukuma, na utani huu chanzo chake ni njia ya misafara. Watu wa bara walipofika pwani walikaa majuma na miezi wakingoja mizigo ya kurudi nayo. Walihitaji mahali pa kulala, chakula, dawa, na mtu wa kuwazika wanapokufa mbali na kwao. Watani wakazikana. Yule mama alitueleza kwamba siku ya maziko ya baba yake, Mnyamwezi mmoja wa pale mjini aliingia kaburini akajilaza, akakataa kutoka mpaka apewe pesa, na wafiwa wakacheka katikati ya kilio. Mji wa Bagamoyo wakati huo ulikuwa na wakazi elfu chache tu, lakini wapagazi walioingia na kutoka kila mwaka walikuwa makumi ya maelfu. Wenyeji hawakujali sana huyu ni wa kabila gani. Kila aliyetoka huko ndani aliitwa Mnyamwezi. Msukuma naye kwa jina hilo hilo akapata posho yake.

Na hilo neno posho ni la wapagazi. Lilikuwa kipimo cha chakula cha siku, kwa kawaida kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu, au nguo na shanga za kununulia chakula hicho njiani. Hongo nayo haikuwa aibu. Ilikuwa ushuru ambao msafara ulimlipa mtemi kwa kupita katika nchi yake, na Wagogo walijulikana kwa kuidai bila huruma. Leo posho imehamia semina na hongo imehamia chini ya meza.

Kaole tulikwenda siku ya pili. Ni kilometa tano hivi kusini mwa mji. Kuna misikiti miwili iliyobaki kuta, wa zamani zaidi ukihesabiwa wa karne ya 13, na makaburi yenye nguzo ndefu za mawe ya matumbawe ambazo zamani zilipambwa kwa bakuli za China. Neville Chittick alipachimba mwaka 1958. Mjukuu wangu, binti wa miaka kumi na mmoja aliyetufuata kwa likizo, aliuzunguka mbuyu mkubwa ulio pale kwa sababu aliambiwa kufanya hivyo huongeza maisha. Mimi nilikaa kivulini. Nilipapenda, lakini palinikalia mbali kidogo. Nilichosisimkia ni kwamba ni kutoka Kaole hiyo, Juni 1857, Burton na Speke walianza safari yao ya bara, na mwaka uliofuata Speke alitoka Tabora akaelekea kaskazini kupita katika nchi yetu ya Usukuma mpaka akaliona Ziwa tarehe 3 Agosti 1858. Vitabu tulivyosomeshwa vilisema Speke aligundua. Waliomwonyesha njia na kumbebea sanduku hawakutajwa.

Misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu ilinigusa zaidi. Walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakanunua watumwa ili kuwakomboa, wakawajengea kijiji. Kwenye mnara wa kanisa lao la zamani ndipo ulipolazwa mwili wa David Livingstone mwezi Februari 1874. Livingstone alifariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake, miongoni mwao Chuma na Susi, waliutoa moyo wakauzika chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miguu kupitia Tabora hadi pwani, safari ya zaidi ya kilometa 1,600. Kutoka hapo mwili ukasafirishwa mpaka London, ukazikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Katika wote waliobeba, ni Jacob Wainwright peke yake aliyesafiri na mwili mpaka Uingereza kwa maziko hayo. Nilisimama pale mnarani nikajaza kifua. Nilimwambia mjukuu wangu: unaona, hao ni wapagazi, hakuna aliyewalazimisha.

Siku ya nne tukaenda kambi ya zamani ya misafara, pale wapagazi walipotua mizigo, ambapo leo ni makumbusho. Kijana aliyetuongoza alikuwa mchangamfu na mwenye sauti nzuri. Alitueleza kuwa watu wa bara waliletwa hapa wamefungwa minyororo, mabegani wamebeba pembe, na walipofika waliuzwa wao na pembe zao. Jina la mji, akasema, ni kilio chao: bwaga moyo, hapa ndipo mwisho wa matumaini. Kundi la watalii likaitikia kwa huzuni. Mjukuu wangu akanitazama.

Mimi nimefundisha historia miaka thelathini, na hasira ya mwalimu ni mbaya. Nilimwomba ruhusa, nikasema. Nikasema kwamba njia ya kati haikuendeshwa na watumwa. Tangu siku nyingi wataalamu wameandika, na Stephen Rockel alitoa kitabu kizima mwaka 2006 kuonyesha kuwa wapagazi wengi wa njia hii, hasa Wanyamwezi na Wasukuma, walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Walipatana malipo. Walikuwa na kirangozi wao aliyetangulia mbele, na barghumu ikilia. Walipopunjwa posho waligoma, na mzungu au Mwarabu akabaki na mizigo yake porini akilia. Stanley aliyeondoka hapa Novemba 1874 na watu zaidi ya 300 alijua vizuri maana ya kuamka asubuhi akakuta wengine wametoroka. Kwetu kijana ambaye hajaiona pwani hakuhesabiwa mtu mzima, wasichana walimcheka. Na jina la mji lina maana nyingine, ya mtu aliyebeba mzigo miezi mitatu: tua moyo, pumzika, umefika. Nikamalizia kwa kusema kwamba baba yake babu yangu alifika hapa mara tatu na hakuwahi kufungwa hata kamba ya kiatu.

Watalii walipiga makofi. Yule kijana hakukasirika. Aliniitikia kwa heshima, akasema, "Nashukuru, mzee, nimejifunza." Kisha akauliza, na ninaamini hakuwa na nia yoyote mbaya, "Na huo ujira wake, mzee, alirudi akanunua nini?"

Nikajibu, ng'ombe. Tukaendelea.

Usiku ule sikupata usingizi. Makuti yalisugua upepo na mke wangu alikoroma. Nilitoka nikakaa barazani nikaanza kuihesabu ile mali ya safari ya tatu, kama nilivyozoea kuhesabu ada za wanafunzi. Ng'ombe alikwishawapata safari mbili za kwanza. Babu alisema hivyo wazi. Gobori lilibaki, hata mimi nililiona likiwa bomba tupu. Nguo za safari ya tatu ndizo zilizoanzisha nyumba yetu. Nyumba huanzishwa na nini? Na mwanamke.

Hapo nikakumbuka jambo ambalo nililijua maisha yangu yote bila kulitazama. Babu hakuwa na wajomba.

Msomaji wa kwetu ataelewa uzito wa maneno hayo. Mjomba ana sauti harusini, ana sehemu yake katika mahari, na msiba hauendi bila yeye. Katika harusi zote na misiba yote ya nyumba yetu sikuwahi kuona mtu hata mmoja akisimama upande wa ujomba wa babu. Niliwahi kumuuliza nikiwa mtoto. Alisema wajomba zake wako mbali, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Manyema. Nikaona ni jambo la fahari kuwa na ndugu mbali namna hiyo. Nikaenda kucheza.

Nilikwisha kuwafundisha watoto wa watu habari za Manyema mara nyingi. Katika miaka ya 1860 na 1870 wafanyabiashara wa pembe, Hamed bin Muhammad aliyeitwa Tippu Tip akiwa mashuhuri kuliko wote, walivuka ziwa na bunduki. Vijiji vilichomwa, mateka wakaletwa Ujiji na Tabora. Mwaka 1873 Sultani Barghash alilazimishwa na Waingereza kufunga soko la watumwa la Unguja, na mwaka 1876 akapiga marufuku misafara ya watumwa kutoka bara. Lakini wengi wa mateka wale hawakupangiwa bahari. Walibaki huku kwetu. Wanaume wa Unyamwezi na majirani zao walikuwa safarini miezi mingi ya mwaka, na mashamba yalitaka mikono. Basi waliorudi na nguo waliwanunua, zaidi wanawake. Haya yote niliyaandika ubaoni kwa chaki. Sikuyaandika jina la mtu.

Na wajomba wasiokuja hawana haja ya kulipwa mahari. Merikani ile alipewa mtu mwingine.

Sikuona kuwa nilimdanganya yule kijana. Kila nililomwambia ni kweli, na alilosema yeye, kwa njia aliyolisema, si kweli. Serikali yetu mwaka 2006 iliiweka njia hii katika orodha ya mapendekezo ya Urithi wa Dunia kwa jina la njia ya watumwa na pembe za ndovu, na jina hilo bado naona linawameza wapagazi huru, ambao ndio waliokuwa wengi. Lakini nilikuwa nimemtumia baba yake babu kama ngao, na nyuma ya ngao hiyo alisimama mama mmoja ambaye hakupatana ujira na mtu. Yeye naye alitembea. Kutoka ng'ambo ya ziwa mpaka Samuye si njia fupi. Hadithi zake za njiani hazikusimuliwa shikome, pengine kwa kuwa shikome ni ya wanaume, au kwa kuwa aliyekuwa akisimulia alikuwa mwanawe. Waingereza walipofuta utumwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, babu alikuwa mtu mzima mwenye watoto. Alijua. Alichagua kutuambia habari za kengele na bahari iliyooza.

Niliwaza pia kwamba labda aliolewa kwa mapenzi, labda aliheshimiwa, maana watoto wake walirithi sawa na wengine. Watu wa aina yake wengi walimezwa na koo zetu mpaka hakuna aliyewatofautisha. Ni kweli. Nimekaa na hoja hiyo miaka kadhaa sasa na sijaona kuwa inaondoa kitu.

Asubuhi yule mama alikuja na vitumbua. "Watumwa wangu wameamkaje?" Mke wangu akamjibu kama kawaida yake. Mimi nilichelewa. Akanitazama, akasema Mnyamwezi leo kaumwa na mbu, nami nikakubali kuwa ni mbu.

Siku ya mwisho mjukuu wangu alikuwa na kazi ya likizo aliyopewa na mwalimu wake: achore mti wa ukoo mpaka mahali anapoweza kufika. Upande wetu tulifika mbali, kwa kuwa nilikuwa nimetunza majina. Alipofika kwa mama yake babu akaniuliza jina, nikamtajia jina alilopewa huku kwetu. Akauliza ukoo.

Ningeweza kumwambia aruke. Nilimwambia aandike Manyema, kisha nikamweleza kwa maneno ya mtoto wa miaka kumi na mmoja, nikianza na msafara, nikiishia na merikani. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na begi mkononi, akasikiliza mpaka mwisho bila kuingia.

Mjukuu hakulia wala hakushangaa kama nilivyoogopa. Aliandika Manyema kwa kalamu ya risasi, akaikoleza kwa wino, akafikiri kidogo.

"Babu, alimnunua kwa nguo ngapi?"

Nikamwambia kwamba babu yangu hakunitajia hesabu hiyo. Akaacha nafasi wazi kando ya jina, akafunga daftari. Gari lilikuwa limekwisha kufika, na tulikuwa hatujalipa pesa ya samaki.